Nilikaa nje ya ulingo miaka mitatu. Je, ubingwa wangu umefutika?

"Kocha, salamu kutoka Kisumu. Nina miaka 27, uzani wangu ni kilo 60, na nilikuwa bingwa wa taifa mara mbili katika ndondi za ridhaa. Pambano langu la mwisho refa alilisimamisha raundi ya pili baada ya mimi kupigwa konde la kichwa, na kichwa kiliniuma karibu wiki mbili. Baadaye nikapata mimba, nikajifungua kwa upasuaji, na sasa ni miaka mitatu sijavaa glavu. Mtoto ana miaka miwili na mama yangu yuko tayari kubaki naye. Hapa mtaani Manyatta watu wanasema mwanamke akishazaa ndondi zimekwisha, na wasichana wapya hata hawanijui. Kocha wangu wa zamani ananiambia Muhammad Ali alikaa nje miaka mitatu na nusu akarudi vilevile, kwa hivyo nisiogope. Kuna mtu ameniahidi pambano la kulipwa baada ya wiki sita. Nikirudi nikashindwa, nitaharibu jina langu? Na nisiporudi, kuna atakayenikumbuka kweli?"

Dada yangu, asante kwa kuandika bila kuficha. Umeuliza maswali mawili, ila barua yako ina la tatu ambalo hukuliuliza, nalo kwangu ndilo la kwanza: kile kichwa kilichouma wiki mbili. Nitalifikia. Kwa sasa nakuomba kitu kimoja tu, usimpe mtu yeyote jibu kuhusu hilo pambano la wiki sita kabla hujasoma haya yote.

Naanza na Ali, kwa kuwa ndiye anayetumiwa kukusukuma, na habari yake umesimuliwa nusu. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Akanyang'anywa leseni, akavuliwa taji. Pambano lake la mwisho lilikuwa mwezi mmoja nyuma, dhidi ya Zora Folley, na hakupanda ulingoni tena hadi tarehe 26 Oktoba 1970 alipokutana na Jerry Quarry mjini Atlanta. Alitoka ana miaka 25, akarudi ana 28. Hadi anasimamishwa alikuwa amepigana mara 29 na hakuwa ameshindwa hata mara moja.

Sasa, alirudi vilevile? Kanda zipo, zitazame mwenyewe. Anza na pambano lake na Cleveland Williams la Novemba 1966. Utaona mtu mzito ambaye visigino vyake havigusi turubai. Anapiga, anaondoka, na konde la mwenzake linafika mahali ambapo yeye hayupo tena. Kisha tazama lile la Joe Frazier la tarehe 8 Machi 1971. Hapo Ali anaegemea kamba, anapumzika katikati ya raundi, anapokea makonde ya mbavu ambayo zamani yangepiga hewa. Raundi ya 15 akaangushwa kwa konde la kushoto, na majaji wote wakampa Frazier ushindi.

Miguu ile haikurudi. Kilichorudi ni bondia mwingine mwenye jina lilelile, ambaye alijifunza jambo ambalo yule wa kwanza hakulihitaji: kwamba anaweza kupigwa sana na bado akabaki amesimama. Huyo wa pili ndiye aliyeshinda Kinshasa mwaka 1974, akajibanza kwenye kamba mpaka George Foreman akachoka, akamwangusha raundi ya nane. Ndiye aliyeshinda Manila mwaka uliofuata baada ya raundi 14 za mateso. Mapambano ambayo dunia inamkumbuka nayo zaidi ni ya huyo wa pili. Lakini pia mapambano yote matano aliyoshindwa maishani mwake ni ya huyo wa pili, na mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Siwezi kusema konde gani lilileta nini. Ninachojua ni kwamba kocha mwaminifu hatakuambia kwamba makonde yale hayakuwa na gharama.

Kwa hivyo kocha wako anaposema Ali alirudi vilevile, amekosea mahali ambapo kosa lake linaweza kukuumiza. Tena kuna tofauti kubwa kati yenu. Ali aliondolewa ulingoni na watu waliokaa mezani. Mwili wake ulikuwa mzima. Wewe uliondoka baada ya kupigwa kichwani, na kisha mwili wako ukapitia mimba na kisu. Bondia unayefanana naye ni mwingine kabisa.

Mtazame Mary Kom wa India. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 2002, 2005 na 2006, kabla ya kuzaa mapacha mwaka 2007. Kwao pia yalisemwa hayo unayoambiwa Manyatta. Mwaka 2008 akarudi akachukua taji la dunia la nne, 2010 la tano, na 2012 London akapata shaba ndondi za wanawake zilipoingizwa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Akazaa tena 2013. Mwaka 2014 alishinda dhahabu ya Michezo ya Asia, na 2018, akiwa na miaka 35 hivi, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya sita. Kwa hivyo mtu akikuambia kuzaa kumemaliza ndondi zako, mwambie hajui ndondi. Ila na mimi nisikufiche: Mary Kom alikuwa na mume aliyebaki na watoto, alikuwa na kambi, na hakuna ninapojua kwamba alirudi kwa papara. Wewe una mama. Hilo ni jambo kubwa, lishukuru, halafu kaa naye mhesabu kwa ukweli ni saa ngapi kwa siku anaweza kulea bila kuchoka, kwa sababu mazoezi ya bondia ni asubuhi na jioni, si saa moja ya jioni tu.

Sasa nikueleze mwili unapoteza nini ukikaa nje, maana hapa ndipo wengi wanaorudi huumia. Pumzi huanza kushuka mapema, ndani ya wiki chache tu za kuacha mazoezi, na baada ya miaka mitatu hesabu kwamba unaanza upya. Habari njema ni kwamba pumzi hurudi ukiifanyia kazi. Nguvu za misuli hukaa zaidi, na msuli uliowahi kufunzwa hujengeka upya haraka kuliko ule ambao haujawahi. Ndiyo sababu mwezi wa pili utajisikia umekuwa yule wa zamani. Hapo ndipo hatari ilipo. Mifupa ya ngumi, kano za kifundo cha mkono na za bega hazirudi kwa kasi hiyo. Msuli tayari unaweza kurusha konde zito, lakini mkono unaolipeleka bado ni wa mtu aliyekuwa akibeba mtoto na kufua nguo. Mabondia wengi wanaorudi huvunja mkono kwenye begi la kupigia makonde wakati hasa wanapoanza kujisifu.

La mwisho kurudi ni macho na umbali. Nimewafundisha mabondia waliorudi baada ya mapumziko marefu, hapa Nakuru na huko kwenu, na dalili huwa ni zilezile. Anaona konde linakuja, analijua, hata anaweza kukutajia jina lake, lakini kichwa kinaondoka baada ya konde kufika. Akirusha jabu, yaani konde la moja kwa moja la mkono wa mbele, mkono unarudi ukiwa chini ya kidevu. Akibanwa anazuia pumzi, na sekunde kumi baadaye mdomo uko wazi na kinga ya meno inaonekana. Uzito wake wote uko kwenye visigino. Begi haliwezi kukuonyesha haya kwa sababu begi halirudishi konde. Yanaonekana kwenye sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzako, na sparingi ndiyo kitu ambacho kichwa chako hakipaswi kukigusa kwa sasa.

Basi tuje kwenye kichwa. Kichwa kuuma karibu wiki mbili baada ya pambano kusimamishwa si uchovu. Ni dalili kwamba ubongo ulitikisika, na hujaniambia kama kuna daktari aliyekuona. Kanuni za ridhaa kwa miaka mingi zimetaka bondia aliyepigwa nokauti ya kichwa akae siku 30 bila pambano wala sparingi, siku 90 akipigwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mwaka mzima akipigwa mara tatu ndani ya mwaka. Miaka mitatu ya kupumzika imekupa muda mwingi kuliko kanuni yoyote, na hilo ni jema. Lakini muda peke yake hauchunguzi kitu. Nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile mnayoiita Russia, uombe kupelekwa kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mweleze pambano lile kama ulivyonieleza mimi, na umwambie waziwazi kwamba unataka kurudi kupigana, kwa sababu uchunguzi wa mtu anayetaka kupigwa tena ni tofauti na wa mtu anayetaka dawa ya maumivu. Uliza kama picha ya ubongo inahitajika. Macho nayo yachunguzwe, hasa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Bondia Sugar Ray Leonard wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa retina mwaka 1982, na kurudi kwake hadi kumshinda Marvin Hagler mwaka 1987 kulianzia kwenye kiti cha daktari wa macho.

Halafu kuna mambo ya uzazi, ambayo makocha wanaume huyaonea haya na wasichana huyanyamazia. Mimi nitayasema. Baada ya upasuaji, misuli ya tumbo na ile inayoshika kibofu na nyonga huwa imelegea, na mshono unaweza kuvuta unapozungusha kiuno kurusha konde la pembeni. Ukiruka kamba na mkojo ukatoka kidogo, usijifiche na usiache kunywa maji ili usitoke. Si aibu, ni misuli, na mtaalamu wa viungo hospitalini ana mazoezi yake. Fanya hayo kwanza kabla ya kukimbia mlima wa Riat. Bondia ambaye katikati ya mwili wake hapajashikana hupiga kwa bega peke yake, na bega lake halitadumu.

Sasa maswali yako yenyewe. Je, ukirudi ukashindwa utaharibu jina? Joe Louis alikuwa bingwa wa uzani wa juu tangu 1937 hadi 1949, na katikati akatumikia jeshi tangu 1942 na kukosa miaka karibu minne ya ubora wake. Alitetea taji mara 25. Mwishoni, akiwa na deni la kodi shingoni, alirudi ulingoni akapigwa na Ezzard Charles mwaka 1950 na kuangushwa na Rocky Marciano mwaka 1951. Nani leo anamtaja Louis kwa mapambano hayo mawili? Mapambano unayoshindwa baada ya kurudi hayafuti yale uliyoshinda kabla. Usiogope hilo, na asije mtu akakutisha kwa hilo.

Ninachokuogopea ni kingine. Anayekuahidi pambano la kulipwa baada ya wiki sita anajua hesabu yake. Bingwa wa taifa wa zamani aliyekaa nje miaka mitatu ni mpinzani mzuri sana kwa kijana anayepandishwa: jina lake linauza tiketi na pumzi yake haifiki raundi ya tatu. Tena katika ndondi za kulipwa utapanda bila kofia ya kinga, na kwa uzani wako glavu ni za aunsi 8, wakati kwenye ridhaa ulizoea za 10. Sisemi mtu huyo ana nia mbaya, simjui. Nasema muulize nani mpinzani, amepigana mara ngapi mwaka huu, nani analipia uchunguzi wa daktari, na nini kinatokea kwa malipo yako ikiwa daktari atakukataza siku ya kupima uzani. Akikasirishwa na maswali hayo, umeshapata jibu.

Na usiporudi, utakumbukwa? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nchi yetu ina kidonda mahali hapa. Mwaka 1974 Stephen Muchoki alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola Christchurch, na mwaka huohuo akafika fainali ya mashindano ya kwanza ya dunia ya ridhaa, Havana, akashindwa na Jorge Hernández wa Cuba. Mwaka 1976 Kenya na nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Hernández akaenda Montreal akachukua dhahabu ya uzani uleule. Mwaka 1978 Muchoki akatetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola Edmonton na kuwa bingwa wa dunia Belgrade. Olimpiki iliyofuata, ya Moscow 1980, Kenya haikwenda tena. Miaka yake bora ikapita hivyo. Alipohamia ndondi za kulipwa alipigania taji la dunia mwaka 1982 dhidi ya Santos Laciar wa Argentina, akashindwa.

Ubaguzi ule ulistahili kupingwa na sitasema mgomo wa Montreal ulikuwa kosa. Lakini waliolipa walikuwa vijana, na hakuna aliyewarudishia. Ukiwauliza vijana wa leo bondia mkubwa wa Kenya, watakutajia Robert Wangila, kwa sababu ana dhahabu ya Seoul 1988, na anastahili kutajwa. Jina la Muchoki mara nyingi ni lazima uwakumbushe. Hapo ndipo ninapoona kukatizwa kunaumiza kumbukumbu ya bingwa kweli: ile miaka tupu haina picha, haina medali, haina cha kuonyesha, na watu huichukulia kwamba hakuwa na uwezo.

Hata rangi ya medali haisemi yote. Philip Waruinge, wa hapa Nakuru, alitoka Mexico mwaka 1968 na shaba, lakini alipewa kombe la Val Barker, la bondia bora wa kiufundi wa Olimpiki nzima. Akaongeza fedha ya Munich mwaka 1972. Hapa mjini wazee bado wanaonyeshana mkono wake wa kushoto ulivyokuwa ukitoka. Na huko kwenu Nyanza kuna Conjestina Achieng wa Siaya, ambaye safari yake ilikatizwa na ugonjwa wa akili, na sisi mashabiki tulimshangilia vizuri kuliko tulivyomtunza. Wasichana wangapi walivaa glavu kwa mara ya kwanza kwa sababu walimwona yeye kwenye runinga? Huenda wewe ni mmoja wao. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, na kwa mabondia wetu tumeliacha hilo likabaki la midomoni.

Kwa hivyo kumbukumbu yako usiwaachie wengine, urudi au usirudi. Kitafute kitabu chako cha bondia, chenye mapambano na mihuri ya madaktari. Tafuta vyeti, picha, video zilizo kwenye simu za watu kabla simu hizo hazijaharibika, na uviweke mahali pawili au zaidi. Andika tarehe, ukumbi, mpinzani na matokeo, hata yale uliyoshindwa. Matokeo mengi ya mashindano yetu ya ridhaa yanaishi vichwani mwa makocha, na makocha tunazeeka.

Nikipima njia zako, naziona hivi. Daktari akikuruhusu na moyo wako bado unataka, rudi kupitia ridhaa, polepole. Ndondi zimo katika Olimpiki ya Los Angeles 2028, na kanuni za ridhaa zimekuwa zikiruhusu bondia hadi miaka 40, kwa hivyo mtu wa miaka 27 hajafungiwa mlango. Miezi mitatu ya kwanza iwe ya pumzi, tumbo, miguu na kamba, na begi kwa nguvu nusu. Miezi inayofuata iwe ya kupiga pedi za mikononi mwa kocha na mazoezi ya umbali ambayo mwenzako hapigi kichwa. Sparingi kamili baadaye, na mtu unayemwamini, si na msichana anayetaka kujipima kwa jina lako. Pambano la kwanza liwe dogo, karibu na nyumbani. Ukialikwa Nakuru au Eldoret kumbuka Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Nakuru inapita 1,800. Njoo siku kadhaa mapema, la sivyo raundi ya pili utaitafuta pumzi. Na joto la Kisumu lisikudanganye kupunguza uzani kwa kutoa jasho na kukaa na kiu; ubongo uliokauka maji huumia kwa urahisi zaidi.

Daktari akikukataza, basi ukatazwe, hata kama kocha mwingine atakuambia anamjua daktari mwingine. Hapo kuna ukocha na urefa, na wasichana wa Manyatta wanahitaji mwanamke atakayewafunga bandeji mikononi na kuwaelewa wanaposema tumbo linauma. Sikupi hiyo kama kifuta machozi. Wapo niliowaona wakifanya kazi kubwa zaidi kwenye kona kuliko waliyoifanya katikati ya ulingo. Njia ya tatu, ya kulipwa baada ya wiki sita, siiungi mkono hata kidogo.

Mwonyeshe mama yako barua hii, kwa sababu yeye ndiye atakayekuona ukiamka. Mwambie ishara za kuangalia mazoezi yakianza: kichwa kinachouma baada ya begi au kukimbia, kichefuchefu, mwanga kukuumiza macho, kusahau ulichotumwa sokoni, hasira isiyo na sababu, usingizi usioisha. Moja tu kati ya hizo ikitokea, vua glavu siku hiyohiyo na urudi hospitalini, hata kama pambano ni kesho yake. Ukitapika, ukizimia, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea, usingoje kliniki ya asubuhi, upelekwe usiku huohuo. Ukishaonana na daktari, niandikie alichosema, nami nitakupangia wiki nne za kwanza.